Nani Anamdai Nani? Mali na Umaskini katika Maandiko ya Kale ya Wayahudi na Wakristo

Panda daladala asubuhi, redio ikiwa imefunguliwa kituo cha dini, na kabla hujashuka utakuwa umesikia mahubiri mawili yanayogombana. Mhubiri wa kwanza anasema Mungu wetu si maskini: panda mbegu yako, mwaka huu ni wa kuinuliwa kiuchumi. Dereva akibadilisha stesheni, wa pili anasema heri maskini, dunia tunapita tu, mali ni mtego wa Ibilisi. Wote wawili wanataja sura na aya, tena za Biblia ileile. Mitandaoni ndiyo usiseme: huyu anabandika Mithali 10:4 kuhusu mkono mlegevu, yule anamjibu kwa Luka 6:20, na maoni ya tatu kushuka chini ni matusi.

Aya hizo zote zipo kweli. Ila ziliandikwa na watu tofauti, karne tofauti, kwa wasikilizaji wenye shida tofauti. Nitakayoyagusa hapa ni Biblia ya Kiebrania, ambayo Wakristo huiita Agano la Kale, vitabu vya Kiyahudi vya karne chache za mwisho kabla ya Kristo, Agano Jipya, na maandishi ya marabi, yaani walimu wa sheria za Kiyahudi, na viongozi wa Kanisa wa karne za mwanzo. Huo ni mjadala wa zaidi ya miaka elfu moja. Ajabu ingekuwa wote kukubaliana.

Niseme mapema ninachokiona. Tunachanganyikiwa kwa sababu tunawapelekea watu wa kale swali la kwetu. Sisi tunauliza: je, mali ni nzuri au mbaya? Wao, mara nyingi, waliuliza: nani anamdai nani, na deni hilo limemfikisha wapi?

Maskini ni nani, na sadaka ni nini

Neno letu "maskini" limetoka kwenye Kiarabu, lakini ni kongwe kuliko Kiarabu tunachokijua. Kwenye sheria za Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 KK, yumo mtu anayeitwa mushkenu, raia wa daraja la chini. Neno hilo likatembea hadi Kiebrania. Mhubiri 4:13 inaposema heri kijana maskini mwenye hekima kuliko mfalme mzee mpumbavu, neno lililoandikwa pale ni misken. Mswahili anayesoma aya hiyo analitamka karibu kama alivyolitamka mwandishi.

Lakini Kiebrania kilikuwa na maneno mengine kadhaa, na kila moja lilimtazama mtu huyo kwa upande wake. Dal ni aliyekonda, aliyedhoofika. Evyon ni mhitaji. Ani ni aliyeinamishwa, yaani kuna aliyemwinamisha. Hilo la mwisho ndilo wanalolipenda manabii na Zaburi, na linabeba shutuma ndani yake.

Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, kiligawanya kwa namna nyingine. Penes ni mtu wa hali ya chini anayeishi kwa jasho lake: fundi, kibarua, mama lishe wa leo. Akilala mgonjwa wiki moja, mambo yameharibika, ila leo anakula. Ptokhos ni fukara, hohehahe, asiye na kitu wala pa kukipata, anayenyoosha mkono ili aishi. Waliosikia masheikh wakieleza zaka wanaujua mgawanyo wa namna hii, maana Kurani 9:60 inataja mafukara na masikini kuwa makundi mawili, na kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani yetu, fukara ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Sasa, Yesu wa Luka anaposema "heri ninyi mlio maskini", neno lililotumika ni la pili. Anazungumza na mafukara, au juu yao.

Neno la pili la kuliangalia kwa makini ni "sadaka", na hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Biblia zetu zinaitumia sadaka kwa mambo mawili: mnyama anayeteketezwa juu ya madhabahu, na pia kile unachompa mhitaji. Mathayo 6:2 inasema "utoapo sadaka, usipige panda mbele yako". Msikilizaji wa Dodoma au Nakuru anauona moja kwa moja mfuko unaopitishwa ibadani. Mwandishi aliandika neno la Kigiriki lenye maana ya huruma, kitu kinachotoka mkononi mwako na kuingia mkononi mwa fukara. Kuhani hayumo.

Na nyuma ya huruma hiyo kuna tzedakah ya Kiebrania, ndugu wa damu wa sadaka ya Kiarabu. Katika vitabu vya zamani tzedakah ni haki, uadilifu. Kufikia wakati wa marabi, imekuwa jina la kawaida la kumsaidia maskini. Kwao hapakuwa na umbali mkubwa kati ya hayo mawili: ukimpa mwenye njaa, umemlipa kilicho chake.

Deni

Fikiria mkulima wa milima ya Yudea. Hana mshahara wala akiba ya fedha. Ana shamba la ngano, mizeituni michache, mbuzi. Mvua ikikosa mwaka mmoja, anakula mbegu. Mwaka unaofuata anamwendea mwenye ghala, anakopa nafaka ya kupanda, shamba linawekwa rehani. Mvua ikikosa tena, shamba limekwenda, naye anakuwa kibarua kwenye ardhi aliyozaliwa. Ikikosa mara ya tatu, binti yake anakwenda kutumika kwa mdai. Anayeijua mikopo tunayoiita kausha damu hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba leo wanabeba friji na televisheni. Siku zile walibeba watoto.

Hiki si kisa cha kubuni. Nehemia sura ya 5, inayosimulia mambo ya katikati ya karne ya 5 KK, ina watu waliosimama Yerusalemu wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na binti zao wengine wameshatiwa utumwani. Waliowakopesha ni Wayahudi wenzao. Nehemia anawaitisha wakuu, anawagombeza hadharani, na kuwaamuru warudishe mashamba. Anakiri pia kwamba yeye na ndugu zake walikuwa wamekopesha.

Ukiisoma Torati ukiwa na picha hiyo kichwani, sheria ambazo ukizikuta peke yake unaona kama vipande vinaanza kuungana. Usimtoze nduguyo riba. Ukichukua vazi la maskini rehani, lirudishe kabla jua halijachwa, maana ndilo atakalojifunika usiku. Usivune hadi pembe za shamba lako, usirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kila mwaka wa saba, madeni yafutwe. Mwaka wa hamsini, Yubile, ardhi irudi kwa wenyewe. Hakuna ushahidi thabiti kwamba Yubile iliwahi kutekelezwa nchi nzima, lakini sheria yenyewe inaonyesha walichokiogopa: deni lisilo na mwisho, linalorithiwa kama jina la ukoo.

Mwaka wa saba ulileta kichekesho kichungu. Kumbukumbu la Torati 15:9 yenyewe ilishakiona: mwenye fedha, akijua mwaka wa saba umekaribia, anakataa kukopesha. Nani akopeshe mwezi huu kitakachofutwa mwezi ujao? Karne nyingi baadaye, siku za mfalme Herode, mwalimu aitwaye Hileli alikuta watu wameacha kabisa kukopesha. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inasema akaanzisha hati iitwayo prozbul. Mkopeshaji anaandika mbele ya mahakimu kwamba anawakabidhi madeni yake, ili ayakusanye wakati wowote. Deni likishakuwa mikononi mwa mahakama, mwaka wa saba haulifuti.

Je, Hileli aliwasaidia maskini au matajiri? Marabi walisema ni maskini, kwa sababu walipata tena mahali pa kukopa. Wapo wasomi wa leo wanaosema wenye ghala ndio waliocheka. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya duka la mangi lenye kibao "leo taslimu, kesho mkopo" anajua kwamba mkopo unaumiza na kunyimwa mkopo nako kunaumiza.

Chuki dhidi ya hati za madeni haikuisha. Vita vya Wayahudi dhidi ya Roma vilipoanza mwaka 66 BK, waasi waliingia Yerusalemu na kuchoma jengo la nyaraka. Mwanahistoria Yosefo, Myahudi aliyeishi wakati huo, anaeleza sababu: walitaka kuteketeza mikataba ya wakopeshaji, ili wadaiwa wengi wajiunge nao na maskini wainuke dhidi ya matajiri.

Sasa rudi kwenye sala anayoijua kila mtoto wa Sunday school. Kwa Mathayo, katika Biblia ya zamani ya Kiswahili, inasema: "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Wengi tumezoea kutamka "makosa", na huko nako si kukosea, maana katika Kiaramu, lugha aliyozungumza Yesu, neno moja lilibeba deni na dhambi. Luka anaandika dhambi upande wa Mungu, kisha upande wa wanadamu anarudi kwenye deni: "tunamsamehe kila tumwiaye." Kitenzi hicho, kuwia, vijana wengi hawakijui tena. Kumwia mtu ni kumdai.

Sauti zinazobishana

Kitabu cha Mithali kinasikika kama babu anayetaka wajukuu wake waamke mapema. Mkono mlegevu huleta umaskini, mkono wenye bidii hutajirisha. Ni ushauri mzuri kwa kijana mwenye shamba. Lakini kitabu hichohicho kinasema anayemwonea maskini anamtukana Muumba wake, na anayemhurumia maskini anamkopesha Bwana. (Hata huko ni deni tena, safari hii mdaiwa ni Mungu.) Karibu na mwisho iko sala ambayo sijasikia ikiwekwa kwenye bango la mkutano wa injili: "usinipe umaskini wala utajiri."

Manabii walikuwa na hasira. Amosi, mchungaji wa karne ya 8 KK, anawashambulia wanaowauza maskini kwa jozi ya viatu, na wafanyabiashara wanaosubiri Sabato iishe wakarudie kupunguza kipimo na kuchezea mizani. Isaya anawalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hadi nafasi yote imeisha. Hawa hawamkuti maskini mvivu. Wanamkuta aliyeibiwa.

Halafu kuna Ayubu, ambaye rafiki zake wanamweleza kwa ufasaha kwamba kafilisika kwa sababu katenda dhambi. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawaambia rafiki hao kwamba hawakunena yaliyo sawa. Kila ninapomsikia mtu akisema umaskini ni laana ya ukoo, namkumbuka Elifazi Mtemani, mmoja wa rafiki hao.

Karibu mwaka 180 KK, Yoshua bin Sira, mwalimu wa Yerusalemu aliyefundisha vijana wa familia zenye nafasi, alijaribu kusimama katikati. Heri tajiri aonekanaye hana hatia, anasema, kisha anauliza kama nusu mzaha: ni nani huyo, tumsifu? Ana mfano ambao hauhitaji ufafanuzi kwa mtu wa jikoni. Chungu cha udongo kisishirikiane na chombo cha chuma; vikigongana, kinachovunjika kinajulikana. Tajiri akikosea anafoka. Maskini akikosewa, yeye ndiye anayeomba radhi.

Kuna wazo limeenea kwamba Wayahudi waliona utajiri ni baraka tupu, halafu Ukristo ukaja kuwageuzia kibao. Halina msingi. Kitabu cha Henoko, kilichoandikwa na Wayahudi kabla ya Yesu, kina ole dhidi ya matajiri zinazofanana sana na zile za Luka: ole wenu matajiri, mmeutumainia utajiri wenu. Kitabu hicho kizima kimehifadhiwa kwa Kigeez, lugha ya ibada ya Ethiopia, na Kanisa la Othodoksi la huko linakihesabu kuwa Maandiko.

Na huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ambako hati za kale zilianza kupatikana mwaka 1947, palikuwa na jumuiya ya Kiyahudi iliyojiita maskini kwa kujivunia. Kanuni zao zinaeleza hatua kwa hatua. Mwanachama mpya akimaliza mwaka wa kwanza, mali yake inakabidhiwa kwa msimamizi na kuandikwa, lakini haitumiwi bado. Akipita mwaka wa pili inachanganywa na ya wote. Aliyedanganya kuhusu mali yake alitengwa mwaka mzima na meza safi ya jumuiya, na kupunguziwa robo ya chakula chake.

Linganisha na Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5, walioficha sehemu ya bei ya kiwanja. Wengi hudhani kosa lao ni kutotoa yote, lakini Petro anamwambia wazi Anania: kilipokuwa kwako, si kilikuwa mali yako? Kosa lilikuwa uongo. Wala si kila Mkristo wa Yerusalemu aliuza kila kitu. Sura saba mbele, Mariamu mama yake Yohana Marko bado ana nyumba yenye lango na mtumishi wa kike wa kulifungua.

Ngamia, sindano na maneno yaliyopindishwa

Yesu alisema ni rahisi zaidi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Wamehubiri sana kwamba Yerusalemu kulikuwa na lango dogo liitwalo Tundu la Sindano, ngamia akipita baada ya kushushiwa mizigo na kupiga magoti. Maelezo matamu: tajiri anapunguza mzigo kidogo, anainama kidogo, anapita. Lango hilo halijapatikana, na hakuna mwandishi wa zama zile anayelitaja. Simulizi lenyewe linajitokeza Zama za Kati. Wengine wakasema "ngamia" ni makosa ya mwandikaji, neno lilikuwa "kamba", kwa kuwa kwa Kigiriki yanakaribiana sana. Lakini hata kamba ya jahazi haipenyi sindano. Marabi wa Babeli nao walikuwa na msemo wao wa kuwatania wasomi wa mji wa Pumbedita: huko wanapitisha tembo kwenye tundu la sindano! Mnyama mkubwa kuliko wote wanaomjua, tundu dogo kuliko yote. Ilikuwa njia ya kusema haiwezekani, na wanafunzi wa Yesu walielewa hivyohivyo, ndiyo maana waliuliza: ni nani basi awezaye kuokoka?

Mathayo anaandika "heri walio maskini wa roho" ambapo Luka ana "maskini" tu. Husemwa kwamba Mathayo alililainisha neno ili matajiri wasikimbie. Inawezekana, ila maneno yenyewe hakuyatunga. Kwenye hati za Qumran wamo "wanyenyekevu wa roho", watu walioinamishwa ambao tumaini lao limebaki kwa Mungu peke yake.

"Maskini mnao siku zote" hutumika kama leseni ya kutofanya lolote. Yesu alikuwa akinukuu Kumbukumbu la Torati 15:11, aya ambayo wasikilizaji wake waliijua hadi mwisho: maskini hawatakoma katika nchi, kwa hiyo nakuamuru, mfumbulie nduguyo mkono wako. Ni sawa na mtu kukuambia "haba na haba" akanyamaza. Kibaba unakijaza mwenyewe.

Fedha si shina la mabaya yote. Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema ni kupenda fedha. Na ule wito uliozoeleka Tanzania tangu enzi za Ujamaa, "asiyefanya kazi na asile", una asili kwenye Wathesalonike wa Pili, ambako imeandikwa mtu asiyetaka kufanya kazi. Aliyekosa kazi, mgonjwa, mzee, hawamo.

Je, Yesu mwenyewe alikuwa tajiri? Siku hizi husemwa kwamba alikuwa na mweka hazina na kanzu isiyo na mshono, kwa hiyo alikuwa na uwezo. Luka 2:24 ina jibu la kimyakimya. Yusufu na Mariamu wanapompeleka hekaluni wanatoa ndege wawili, na Walawi 12:8 inaeleza ndege wawili ni wa nani: mama ambaye mali yake haimtoshi kununua mwanakondoo. Lakini hakuwa ombaomba. Alikuwa fundi, penes, na baadaye wanawake wenye mali kama Yoana na Susana walimhudumia kwa vitu vyao. Wala hakuwapa matajiri wote agizo moja. Yule mtawala tajiri aliyemuuliza afanye nini aurithi uzima wa milele aliambiwa auze vyote. Zakayo alitoa nusu na kuahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya, na hakuambiwa aongeze.

Walipokuwa na mfuko mkononi

Maneno ni rahisi kuliko kugawa mkate. Paulo alitumia miaka akichangisha makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na barua zake zinaonyesha mtu anayejua watu wakishika fedha za wengine huzuka maneno: anataka wajumbe wachaguliwe na makanisa, wasafiri na mchango wenyewe.

Marabi waliingia kwenye hesabu kabisa. Palikuwa na sinia la chakula la kila siku kwa yeyote mwenye njaa, na mfuko wa mji uliogawiwa kila wiki. Mwenye chakula cha milo miwili asiguse sinia. Mwenye chakula cha milo 14 asichukue kwenye mfuko. Mfuko ulikusanywa na watu wawili na kugawiwa na watatu, mmoja asije akabaki peke yake na fedha. Na aliyekuwa na zuzi 200 hakuruhusiwa kuokota masazo ya mashamba. Zuzi moja ni sawa na dinari, ujira wa kutwa katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, kwa hiyo mstari wao wa umaskini ulikuwa kama siku 200 za kibarua. Ukipungukiwa na dinari moja tu, 199, unaruhusiwa kupokea hata kama watu elfu wanakupa kwa mpigo. Napenda ukarimu wa sheria hiyo, inayokataa kumkagua maskini mara mbili.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na mwongozo mdogo uitwao Didakhe, uliopotea karne nyingi hadi nakala yake ya mwaka 1056 ilipopatikana Konstantinopoli katika karne ya 19. Mgeni akija, unasema, msaidie. Akae siku mbili, tatu ikibidi. Akitaka kubaki, afanye kazi ale. Mhenga wetu wa "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" angetikisa kichwa kwa kukubali. Na kuhusu manabii wasafirio, mwongozo una kipimo kimoja kifupi: akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Akisema wapeni wahitaji wengine, msimhukumu.

Karne ya 2, Roma, mtu aliyeitwa Herma aliona katika maono mnara ukijengwa kwa mawe. Pembeni yalikuwepo mawe meupe, mazuri, ya mviringo, ambayo hayakuingia popote. Hao ni matajiri, akaambiwa, hadi wachongwe. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, alikuwa na matajiri halisi kanisani kwake na alihitaji lugha ya upole zaidi. Mali ni chombo, alisema. Kinachotakiwa kutupwa ni tamaa iliyo moyoni. Wote wakitupa walicho nacho, nani atawalisha wenye njaa? Swali la haki, lakini mtawala yule wa Injili asingerudi nyumbani na huzuni kama angehubiriwa na Klementi.

Mwaka 251 kanisa la Roma lilikuwa likiwalisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, kwa barua ya askofu wake Kornelio. Kaisari Juliano, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, alilalamika mwaka 362 kwamba hakuna Myahudi anayeombaomba, na Wagalilaya, jina lake la dharau kwa Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Adui ndiye aliyeziweka jumuiya hizo mbili kwenye sentensi moja.

Senti mbili

Nimeuacha mwisho mstari unaosomwa kuliko yote wakati mfuko unapita: mjane maskini, sanduku la hazina ya hekalu, senti mbili. "Toeni kama mjane yule."

Kwa karne nyingi amesifiwa kwa imani yake, na Yesu kweli anasema ametia zaidi ya wote. Lakini soma aya iliyo juu yake. Katika Marko 12:40 Yesu amemaliza tu kuwashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Neno linalofuata, anaingia mjane, na anatia vyote alivyo navyo, riziki yake yote. Yesu hasemi nendeni mkafanye vivyo hivyo. Anawaita wanafunzi na kuwaonyesha. Baadhi ya wasomi wanasoma maneno yake kama maombolezo: tazameni nyumba moja nyingine inavyoliwa. Sioni sababu ya kuchagua. Mwanamke anaweza kuwa na imani kubwa, na sanduku likawa limemmaliza.

Sura ya 12 inaishia hapo, kwa mgawanyo wa sura uliowekwa karne ya 13. Katika maandishi ya Marko hapakuwa na mpaka wowote. Mjane ametoa riziki yake, Yesu anatoka hekaluni, na mwanafunzi mmoja anamwambia: Mwalimu, tazama mawe haya na majengo haya yalivyo! Naye anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe.